Kompyuta Moja, Bei Nne: Majibu kwa Wasomaji Wetu

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zina lalamiko moja. Msomaji anaulizia kompyuta, anatajiwa bei. Anakwenda duka la pili, anatajiwa nyingine. Anarudi duka la kwanza na kukuta bei ya awali haipo tena. Tumechagua barua chache zinazoligusa jambo hili kutoka pande mbalimbali, na tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Mimi ni mwalimu, na nimejiwekea akiba kwa muda mrefu ili ninunue kompyuta mpakato ya kuandalia masomo. Nimepita maduka manne nikiulizia mashine ya aina moja, ya kampuni ileile: prosesa ya Core i5, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 8, diski ya gigabaiti 512. Muuzaji wa juu kabisa anataka karibu theluthi moja zaidi ya yule wa chini. Tena duka mojawapo lilinitajia bei kwenye simu, na nilipofika, muuzaji mwingine akanitajia bei tofauti. Je, kompyuta ina bei halali, au kila muuzaji humtazama mnunuzi amevaaje ndipo aseme? — *Mwalimu mwenye akiba*

JIBU: Ndugu Mwalimu, swali lako la mwisho lina ukweli ndani yake, nami nitalifikia, lakini hapo si pa kuanzia. Maelezo uliyowapa wauzaji hayaitambulishi kompyuta moja. Yanataja kundi kubwa la kompyuta, na baadhi ya zilizomo zimepishana umri kwa miaka mingi. Jina Core i5 lilianza kutumika mwaka 2009, na tangu hapo kampuni ya Intel imelibandika kwenye prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) za vizazi vingi visivyolingana hata kidogo. Prosesa ya i7-4600U ya mwaka 2013 ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi, ilhali i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne, kwa hiyo i5 hii inaiacha mbali i7 ile, hata kama kuna muuzaji atakayekuambia kwamba saba ni kubwa kuliko tano na akadai bei ya saba. Uliza namba yote inayofuata kistari, pamoja na herufi ya mwisho. Herufi U huashiria prosesa inayotumia umeme kidogo, H huashiria ile yenye nguvu zaidi, na mbili hizo haziuzwi bei moja hata zikiwa za kizazi kimoja.

Ndivyo ilivyo kwa RAM na diski pia. RAM ya 8 inaweza kuwa ya kizazi cha DDR4 au cha DDR5, na inaweza kuwa imechomelewa kwenye ubao mama, maana yake siku utakapohitaji 16 utalazimika kununua kompyuta nyingine. Diski ya 512 inaweza kuwa SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) iliyounganishwa kwa njia ya zamani ya SATA, ambayo kasi yake ya kusoma huishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde, au ya njia mpya zaidi ya NVMe, ambayo hata ile inayopita kwenye PCIe (njia ya data ya ubao mama) ya kizazi cha tatu hufika karibu megabaiti 3,500. Kisha kuna skrini, ambayo kwa maoni yangu ndicho kipengele kinachopuuzwa kuliko vyote dukani, ingawa ndicho mwenye kompyuta atakachokitazama kila siku. Modeli moja yenye jina moja mara nyingi hutolewa na skrini za aina mbili au tatu: moja ya pikseli 1366 kwa 768, nyingine ya 1920 kwa 1080, moja ya paneli ya TN, ambayo rangi zake hugeuka ukiitazama kwa upande, nyingine ya IPS, ambayo rangi zake hazigeuki hivyo. Usipouliza, hakuna atakayekutajia. Muuzaji wa bei ya chini huenda hajakudanganya lolote. Amekaa kimya tu.

Njia ya kuondoa utata huu ni fupi. Geuza kompyuta, au sanduku lake, usome stika. Utaona jina la kibiashara, ambalo halikusaidii sana, na karibu yake, kwa maandishi madogo, namba ya bidhaa, ambayo ndiyo kitambulisho cha mchanganyiko ule hasa wa prosesa, RAM, diski, skrini na hata mpangilio wa kibodi. Kwenye mashine za HP, namba hiyo huweza kuishia kwa alama ya # na herufi tatu zinazoonyesha toleo ni la nchi au lugha gani. Dell hubandika namba yake ya huduma yenye herufi na tarakimu saba, na ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni utaonyeshwa vifaa ambavyo mashine ilitoka navyo kiwandani. Lenovo huandika aina ya mashine pamoja na modeli. Piga picha ya stika, kisha uulizie maduka mengine kwa namba hiyo, herufi kwa herufi. Sitashangaa ukigundua kwamba kati ya bei zako nne, mbili hazikuwa za kompyuta moja tangu mwanzo.

Bidhaa ikishathibitika kuwa ileile, uliza masharti. Je, bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani au itaongezwa kwenye risiti? Je, waranti ni ya mtengenezaji au ya duka, ni ya muda gani, na mashine ikiharibika itatengenezwa wapi? Mzigo ulioingizwa nje ya mawakala rasmi huwa na bei nzuri, na mashine yenyewe inaweza kuwa haina kasoro yoyote, lakini waranti yake huenda inatambulika tu katika nchi au kanda ilikokusudiwa kuuzwa. Je, Windows iliyomo ina leseni halali, au imewekwa na fundi wa dukani ili mashine iwake tu? Kila mojawapo ya haya ina thamani ya fedha, na muuzaji anayeyatoa yote hawezi kushindana na asiyetoa hata moja.

Ukishayaondoa hayo, kitakachobaki ni tofauti ya kweli ya bei, nayo haikosekani popote. Mwanauchumi George Stigler, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1961 bei ambazo wauzaji wa mji wa Chicago walizitaja kwa gari moja la Chevrolet, kwa namna moja ya kupatana: ya chini ilikuwa dola 2,350 na ya juu dola 2,515. Gari ni lile lile, mji ni ule ule, na bado kuna pengo la kama asilimia 7. Maelezo ya Stigler ni kwamba kutafuta bei kunamgharimu mnunuzi muda na nauli, na kwa kuwa wengi huacha kutafuta mapema, muuzaji wa bei ya juu huendelea kupata wateja. Kwa hiyo asilimia chache zisikunyime usingizi. Theluthi nzima, kama ilivyokutokea wewe, karibu kila mara ni dalili kwamba unalinganisha vitu viwili tofauti, au kwamba mmojawapo ana mashine iliyokwisha kutumika.

Sasa nije kwenye mavazi. Ndiyo, wapo wauzaji wanaompima mteja kwa macho, hasa katika maduka ambayo bei haikuandikwa popote na mwuza kaunta amepewa bei ya chini asiyoruhusiwa kuishuka, huku chochote atakachopata juu yake kikimwongezea kamisheni. Huenda ndiyo sababu bei ya kwenye simu na ya kaunta zikapishana, maana umezungumza na watu wawili waliopewa uhuru uleule. Dawa ni kuomba bei kwa maandishi kabla hujatoka nyumbani, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, wenye namba ya bidhaa, bei pamoja na kodi, aina ya waranti, na tarehe ambayo bei hiyo itakoma. Ukifika dukani, onyesha ujumbe na utaje jina la aliyeutuma. Hutahitaji kugombana, kwa sababu mjadala wa bei utakuwa umekwisha kabla ya yeyote kukuona.

SWALI: Niliona tangazo la duka likionyesha kompyuta kwa bei ya kuvutia. Nilipofika nikaambiwa kwamba bei hiyo ilikuwa ya mzigo uliopita, ila wanayo nyingine nzuri zaidi kwa bei ya juu. Je, sheria haiwalazimishi kuniuzia kwa bei waliyoitangaza? — *Niliyerudi mikono mitupu*

JIBU: Inategemea sheria ya mahali ulipo, na wengi wataudhika na jibu hili. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, bei iliyobandikwa kwenye bidhaa ni mwaliko tu kwa mteja ili yeye ndiye atoe pendekezo la kununua. Kesi inayotajwa zaidi ni ya mwaka 1953, kati ya chama cha wanafamasia na maduka ya Boots, ambapo Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba bidhaa zilizopangwa kwenye rafu zenye bei bado si mkataba, na kwamba mauzo hukamilika pale duka linapolikubali pendekezo la mteja kwenye kaunta. Matangazo ya kawaida ya biashara huchukuliwa kwa mtazamo huohuo. Uswisi, kwa upande wake, ina sheria ya mikataba inayosema kwamba bidhaa iliyowekwa hadharani pamoja na bei yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa pendekezo la muuzaji mwenyewe. Katika hali zote mbili, mara duka linapopokea fedha na kuandika risiti, mkataba umefungwa na bei haipandi tena. Kwa hiyo mwenye risiti ya malipo ya awali iliyoandikwa bei kamili yuko mahali pazuri kuliko mwenye picha ya tangazo.

Hilo halina maana kwamba muuzaji anaweza kutangaza anachotaka. Nchi nyingi zina sheria ya kumlinda mlaji inayokataza matangazo ya kupotosha, na bei inayotangazwa bila nia ya kuuza ni mfano wa wazi. Ugumu ni kuithibitisha nia. Duka lililokuwa na kompyuta tatu likaziuza asubuhi halina kosa, mradi lilisema kwamba idadi ni ndogo. Duka ambalo halikuwa na hata moja, na ambalo tangazo lake bado linaonekana wiki mbili baadaye, limekutegea chambo. Piga picha ya tangazo ikionyesha tarehe, andika siku na saa ulipofika pamoja na jibu ulilopewa, kisha uyapeleke kwa mamlaka inayosimamia ushindani au haki za walaji. Huenda usiipate ile kompyuta, lakini malalamiko ya watu kadhaa yakiwa na tarehe yana uzito kuliko ya mmoja aliyekasirika.

Kuhusu ile nyingine waliyokuonyesha, ichukulie kama bidhaa mpya kabisa ambayo hujaifanyia uchunguzi. Kosa la kawaida katika hali hii ni kuilinganisha na ile iliyokwisha, ambayo huna tena uhakika kama iliwahi kuwapo, na kuiona bei yake kuwa ni ongezeko dogo tu. Omba namba yake ya bidhaa, uondoke, uulizie kwingine.

SWALI: Mimi ni katibu wa chama chetu, na tumekubaliana kununua kompyuta kumi za ofisi. Nimeleta proforma (karatasi za bei za wauzaji) tatu mbele ya kamati, lakini kila moja imeandikwa kivyake: mmoja anataja bei ya kila kompyuta, mwingine jumla, wa tatu ameongeza printa ambayo hatukuiomba. Wajumbe wananishuku kwamba nina upande. Nifanye nini? — *Katibu aliyechoka*

JIBU: Ndugu Katibu, kamati haiwezi kuamua kwa karatasi hizo, na ingefanya vibaya kama ingejaribu. Zirudishe. Safari hii usiwaombe wauzaji wakuletee bei. Wapelekee wewe karatasi iliyokwisha kuandikwa mahitaji, wao wajaze tarakimu tu. Andika prosesa ya chini inayokubalika pamoja na kizazi chake, RAM na kama lazima iweze kuongezwa, aina na ukubwa wa diski, pikseli za skrini na aina ya paneli, toleo la Windows na leseni yake, muda wa waranti na mahali pa matengenezo, usafirishaji, na siku za kufikisha mzigo. Weka nafasi ya namba ya bidhaa, na uandike wazi kwamba karatasi isiyo na namba hiyo haitajadiliwa. Bei ziandikwe bila kodi, kodi peke yake, kisha jumla. Zote ziwe na siku moja ya kufungwa na muda uleule wa kudumu, kwa sababu bei iliyotolewa wiki hii haiwezi kushindana kwa haki na iliyotolewa mwezi uliopita, hasa pale fedha ya nchi inapopanda na kushuka dhidi ya dola ambayo mwagizaji hulipia.

Wajumbe wako watashangaa kuona bei zinavyosogeleana. Yule wa printa pengine aliongeza kifaa kile kwa sababu faida yake katika kompyuta yenyewe ni ndogo. Hii ni desturi ya biashara nzima: kompyuta huuzwa kwa faida nyembamba, na fedha hupatikana kwenye mabegi, vipanya, programu za kuzuia virusi na waranti za ziada. Mkiijua siri hiyo mtapatana vizuri zaidi. Muuzaji anayesema kwamba hawezi kushusha bei ya kompyuta huenda anasema kweli, lakini vipanya kumi au mwaka mmoja zaidi wa waranti humgharimu kidogo kuliko punguzo linalolingana navyo, na kwenu vina manufaa yaleyale.

Kuna kipengele kimoja ambacho kamati nyingi hukisahau, nacho ni sharti la kutobadilisha. Andikeni kwamba mashine zitakazofikishwa ziwe na namba ya bidhaa iliyo kwenye proforma, na kwamba mbadala wowote utahitaji kibali cha maandishi. Bila sharti hilo, mshindi wa bei anaweza kuleta modeli jirani yenye jina lilelile na skrini hafifu, nanyi mtakuwa mmekwisha kulipa. Siku ya kupokea, fungueni kila sanduku na kulinganisha namba, si sanduku la juu peke yake. Na mjumbe mmoja akiwasha kompyuta na kuona diski ya 512 ikisomeka 476, asimwite muuzaji mwizi: mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024, hivyo tarakimu hizo mbili ni diski ileile.

SWALI: Ninahariri video. Kompyuta mpakato mbili zina kadi ya michoro ya RTX 4060, prosesa moja, RAM sawa, lakini moja ni ghali zaidi kwa kiasi kikubwa. Muuzaji anasema ni jina la kampuni tu. Ni kweli? — *Mhariri*

JIBU: Huenda si kweli. NVIDIA, kampuni yenye kadi hiyo, huwaruhusu watengenezaji wa kompyuta mpakato kuipa RTX 4060 umeme wa wati 35 hadi 115, na jina linabaki lilelile. Kadi iliyobanwa kwenye wati chache ndani ya mashine nyembamba haiwezi kufanya kazi sawa na iliyopewa wati zote ndani ya mashine nene yenye feni kubwa. Tazama kiwango cha wati kwenye ukurasa wa modeli hiyo katika tovuti ya mtengenezaji. Kama hakikuandikwa, kichukulie kuwa cha chini mpaka uonyeshwe vinginevyo. Mchezo huu wa jina moja kwa vitu viwili si mgeni. Kadi ya GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, na mwaka uliofuata likaongezwa toleo lenye kumbukumbu ya polepole zaidi ya DDR4 kwa jina lilelile, ambalo upana wa njia ya data ulishuka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi 17 hivi. Muuliza bei aliyetaja GT 1030 peke yake alikuwa anaulizia kadi mbili bila kujua.

Angalia pia RAM. Vipande viwili vya 8 kwa kawaida hufanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa pamoja, ingawa kwenye tangazo vyote huandikwa 16.

SWALI: Uwezo wangu ni wa kompyuta iliyotumika. Nimeona mbili za modeli moja, zote zinaitwa daraja la kwanza, lakini bei zimepishana sana. Nawezaje kujua ipi ina haki ya bei yake? — *Mwanafunzi*

JIBU: Maneno kama daraja la kwanza hayana kipimo kimoja, kila muuzaji huyatumia apendavyo, na mara nyingi yanaelezea mikwaruzo ya kava tu. Kwa kompyuta iliyotumika, hata namba ya bidhaa haitoshi, kwa kuwa inakuambia mashine ilizaliwa na nini, lakini haikuambii imepitia mikononi mwa nani. Inabidi uiwashe. Omba nusu saa na meza, na muuzaji atakayekataa atakuwa amekujibu.

Anza na betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike *powercfg /batteryreport*. Windows itaandaa ripoti inayoonyesha uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na uwezo iliobaki nao sasa. Betri iliyotengenezwa ikiwa na uwezo wa miliwati-saa (mWh) 50,000 na sasa inajaa 22,000 ni betri ya kubadilishwa, na gharama ya betri mpya unapaswa kuitoa kwenye bei hapohapo, mbele ya muuzaji, ukiwa umeishika ripoti. Kisha diski: programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo diski imekaa ikiwa imewashwa na hali yake ya afya. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, chomeka kitu kwenye kila tundu, fungua na ufunge skrini mara kadhaa ukisikiliza bawaba zake, na ujaze skrini rangi nyeupe ili kuona madoa. Baada ya hapo, bei mbili ulizoziona zitakuwa na maelezo, au mojawapo itakuwa haina.

Lipo jambo kubwa linaloyumbisha bei za mashine hizi kwa sasa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inahitaji TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa ni ya kizazi cha nane kuendelea. Kompyuta ya kizazi cha saba na ya kizazi cha nane zinaweza kufanana kwa umbo kiasi kwamba hata muuzaji huzichanganya kwenye rafu, lakini ya kwanza imepoteza thamani na ya pili bado inayo. Ukiuziwa ya kizazi cha saba kwa bei ya kizazi cha nane, umeonewa. Ukiipata kwa bei yake ya chini na ukawa tayari kutumia Linux, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, inaweza kukufaa kwa miaka mingi ya masomo.

SWALI: Nilinunua kompyuta, na wiki iliyofuata duka lilelile likaishusha bei. Rafiki yangu aliyesubiri mwezi mwingine akakuta imepanda kuliko niliyolipa. Kuna wakati mzuri wa kununua? — *Asiye na bahati*

JIBU: Bei ya modeli moja hushuka mrithi wake anapokaribia kutoka, na duka linapotaka kuondoa mzigo wa zamani stoo. Hupanda kwa sababu ambazo duka halina uwezo nazo. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda vya diski kuu na bei zake zikaruka dunia nzima. Uchimbaji wa sarafu za kidijitali ulizimaliza kadi za michoro madukani mwaka 2021. Na mwishoni mwa mwaka 2025 RAM ilipanda sana kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Mwenye kuhitaji kompyuta kwa kazi hana faida ya kuyavizia haya. Anachoweza kufanya ni kuuliza, kabla ya kulipa, kama duka litamrudishia tofauti iwapo litashusha bei ndani ya siku kumi na nne, na kuomba sharti hilo liandikwe nyuma ya risiti. Baadhi ya maduka hukubali. Kwako wewe wiki moja bado ni karibu: rudi na risiti yako, uombe tofauti hiyo kwa upole, na kama fedha hazirudishwi, uombe vifaa vya thamani hiyohiyo.